Chumba, Ukumbi na Ua: Kubuni Nyumba Ndogo za Bei Nafuu Pwani ya Kilifi na Malindi

Nyumba ndogo ya bei nafuu katika miji ya Malindi na Kilifi ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10. Wapangaji hukiita singo, na wenye ploti huhesabu mali yao kwa jina hilo hilo: ploti ya singo 12, ploti ya singo 20. Juu yake iko bedsita, yaani chumba kilichoongezewa choo, bafu na pembe ya kupikia, kisha kuna chumba na sebule. Familia ya watu wanne au watano kuishi singo ni jambo la kawaida Maweni na Kisumu Ndogo mjini Malindi, Mtaani na Kibaoni mjini Kilifi, na vivyo hivyo hadi Mtwapa. Mbunifu wa nyumba ndogo za pwani hii hana budi kuanza na chumba hicho, maana ndicho watu wanachoweza kulipia. Tena makosa mengi ya majengo mapya yametokana na kukiangalia chumba peke yake, bila ya vile vilivyokizunguka zamani vikakifanya kikalike.

Uhaba wenyewe una sababu zinazojulikana. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,109,735 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kilifi. Ile ya 2019 ikahesabu 1,453,787. Ongezeko hilo la karibu theluthi moja halikugawanyika sawasawa, bali lilielemea miji ya kando ya barabara ya Mombasa hadi Malindi. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991 na feri ikapumzishwa, mji ulikaribiana na Mombasa. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanza kama chuo kishiriki mwaka 2007 na kupewa hati yake mwaka 2013, kilileta maelfu ya wanafunzi katika mji uliokuwa na vyumba vichache vya kupanga. Malindi na Watamu, ardhi ya ufukweni ilikwenda kwa hoteli na nyumba za likizo za wageni, Waitaliano wakiwa wengi. Wapishi, watunza bustani, manahodha wa boti na wauza vinyago waliofuata kazi hizo wakabaki kutafuta vyumba upande wa pili wa barabara.

Sababu kubwa zaidi ni ardhi. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai alisajili. Wamijikenda wengi, waliolima na kuzika wazee wao humo, walijikuta maskwota kwenye mashamba ya watu wasioishi hapo. Mjini kukazuka desturi ambayo haina mwenzake mahali pengi nchini: nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake kwenye kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba anaweza kuiuza, kuirithisha au kuipangisha, lakini kilicho chini yake si chake. Mwenye ardhi mara nyingi alikataza ujenzi wa kudumu, kwa hiyo nyumba zilisimamishwa kwa fito na udongo, zikakandikwa, zikapigwa lipu ya saruji baadaye, na kuezekwa makuti au mabati. Ramani za nyumba hizo zilichorwa na hofu ya kuondolewa. Hazikupanda juu wala hazikuchimba misingi mirefu, na kila pesa iliyoingia iliongeza chumba kingine ubavuni.

Hata hivyo umbo lililotokana na hali hiyo ni la hekima, na linastahili kupimwa kwa makini kabla ya kuachwa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ndiyo iliyojaza Majengo ya Mombasa, mitaa ya zamani ya Malindi, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mbele kuna baraza chini ya upenu. Mlango huingia kwenye ukumbi mrefu unaokata nyumba katikati, vyumba vitatu kila upande, na mwisho wake ni mlango wa nyuma unaofungukia uani. Uani ndiko kuliko na jiko, choo, bafu, mapipa ya maji, kamba za nguo na kivuli cha mwarobaini. Mwenye nyumba hukaa na watu wake katika vyumba viwili na kupangisha vinne.

Mchoraji aliyepima nyumba za namna hii Barani na Shela mjini Malindi hujifunza jambo moja mapema: mpangaji hulipia chumba, lakini haishi chumbani. Ukumbi wa futi 5 kwa 30 ni futi 150 za mraba zinazotumiwa na wote. Baraza ina kiasi chake, na ua mara nyingi haupungui ukubwa wa vyumba vyote sita vikijumlishwa. Asubuhi kina mama wako uani wakikuna nazi na kufua. Alasiri jua likihama, mkeka hutandikwa ukumbini, anayesuka ukili anasuka, watoto wanalala. Jioni wanaume wako barazani. Chumba hubaki cha kulala, kuvaa, kuweka sanduku na kupata sitara. Kwa kazi hizo nne, futi 100 za mraba zinatosha. Na milango miwili ya ukumbi ikiachwa wazi, upepo hupita kutoka mbele hadi nyuma na kuvuta joto la kila chumba kupitia uwazi ulioachwa juu ya kuta, chini ya paa.

Ghorofa lilipoanza kuchukua nafasi ya nyumba hizo, pale penye hati ya ardhi, lilikopa chumba na kuacha mengine. Ploti ya kawaida ni ya futi 50 kwa 100, karibu thumuni ya ekari. Mwenye ploti huhesabu vyumba vingapi vitaingia, na kila futi isiyo chumba huonekana hasara. Ukumbi hugeuka korido ya futi 4 iliyofungwa ncha zote mbili, vyumba vikiwa pande zote, kila kimoja na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Baraza hutolewa kwa sababu barabarani kumewekwa maduka. Ua huwa ngazi na shimo la mwanga ambalo halifiki upana wa kitanda. Yale matendo yaliyokuwa na mahali pake hayakukoma. Yamerudi chumbani, yote, ndani ya futi zile zile 100.

Inafaa kukiangalia chumba hicho kwa karibu, saa nane za mchana mwezi wa Februari, kipindi cha kaskazi. Kitanda cha nne kwa sita kimekula futi 24 za mraba, karibu robo ya sakafu. Mlango ukifunguka kwa ndani unachukua futi 6 au 7 nyingine, ambazo hakuna kinachoweza kuwekwa. Ukutani kuna kabati ya nguo, na juu yake masanduku. Mitungi ya maji ya lita 20 imepangwa minne nyuma ya mlango, kwa sababu mfereji haujatoka tangu juzi. Meko ya gesi ya kilo 6 iko chini ya dirisha, pazia la dirisha limefungwa fundo lisishike moto. Mtoto anaandika kazi ya shule kitandani, hakuna pengine. Feni inazungusha hewa ile ile. Mlango uko wazi ili joto litoke, na pazia la mlangoni linapepea kila mtu anapopita koridoni, kwa hiyo mama wa nyumba amejifunga leso mabegani akiwa chumbani mwake mwenyewe. Chumba hiki hakikuharibiwa na udogo. Kimeharibiwa na kupelekewa kazi za nyumba nzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mbunifu ni kurudisha nje kilichoingizwa ndani, na kazi hiyo inaanza na upepo. Pwani ya Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya mwaka huegemea kaskazini, na Desemba huegemea kusini. Haliinami sana upande wowote kati ya hizo mbili, na ukingo wa paa wa futi 3 au 4 unatosha kulizuia. Mashariki na magharibi ndiko linakoingia kwa kulala, na ukuta wa magharibi uliochomwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili hutoa joto lake ndani wakati watu wanataka kulala. Pepo nazo ni mbili: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi, na kusi, inayotoka kusini na kusini-mashariki tangu Aprili hadi kama Oktoba. Jengo refu lililolala mashariki-magharibi, lenye matundu kaskazini na kusini, hupata pepo zote mbili kwa mshazari na kuliepuka jua baya. Ploti ambayo uso wake mwembamba unatazama ile barabara kuu ya Mombasa na Malindi, inayokwenda kaskazini, tayari imelala hivyo. Ploti za ufukweni hupotoshwa na bahari: kila mtu anataka kuitazama mashariki.

Chumba hakipati upepo kwa dirisha moja. Hewa inayoingia lazima ipate pa kutokea, na hapo ndipo korido ya katikati inapokosea kabisa. Badala yake vyumba hupangwa mstari mmoja, na njia ya kupita huwa roshani iliyo wazi upande mmoja. Chumba kikawa na dirisha nyuma, na mbele kikawa na mlango, dirisha la juu, na matofali ya matundu juu ya lenta. Juu ya ploti ya futi 50 hesabu inakuja hivi: mistari miwili ya vyumba vyenye kina cha futi 12, kila mmoja na roshani ya futi 4, ni futi 32. Zinabaki futi 18 za kugawa baina ya ua wa katikati na nafasi ya mpakani. Mwenye ploti huziona futi hizo kama mstari mwingine wa vyumba aliopokonywa. Mazungumzo hayo ni magumu kuliko hesabu yoyote ya nondo, na mchoraji hashindi kwa kueleza uzuri. Hushinda, pale anaposhinda, kwa kumpeleka mwenye ploti kwenye majengo mawili ya kupangisha mwezi wa Machi, amwache asimame ndani ya vyumba vyote viwili, kisha amwulize mlinzi wa kila jengo ni vyumba vipi huhamwa mara kwa mara.

Roshani hiyo ya futi 4 inafaa kuongezwa hadi 5 kila inapowezekana. Kwa futi 4 watu hupishana tu. Kwa futi 5 mtu anaweza kuweka kigoda na sufuria mlangoni pake na bado jirani akapita, na hapo roshani imekuwa baraza. Ikiwekwa pembe ya zege yenye kizingiti na paa la moshi nje ya kila mlango au kila milango miwili, upishi umetoka chumbani. Jambo hili si la raha peke yake. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na kila msimu wa mvua kuna watu hufa usingizini kwa jiko lililoingizwa ndani.

Madirisha yanastahili neno, kwa maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Dirisha la aluminiamu la kuteleza limekuwa mtindo, lakini nusu yake huwa imefungwa daima: tundu la futi 4 hupitisha upepo wa futi 2. Luva za vioo hufunguka karibu zote, na dirisha la mbao lenye mapengo hupitisha hewa hata likiwa limefungwa, huku likimsitiri aliye ndani. Fundi seremala wa Malindi anayeweza kuchonga milango ya mapambo kwa ajili ya nyumba za likizo anaweza kuyatengeneza hayo kwa mbao za kawaida. Yanahitaji rangi na bawaba zisizoshika kutu, basi.

Joto la ghorofa ya juu kabisa lina dawa yake. Slabu tupu hunywa jua kutwa na kulitoa usiku juu ya waliolala. Bati likiezekwa juu ya slabu hiyo, likaachwa nafasi ya kutosha mtu kusimama, kivuli huzuia joto na upepo hupita katikati. Nafasi hiyo ndiyo ua mpya. Nguo huanikwa humo zisiibwe wala zisilowe, watoto hucheza chini ya ukuta wa kinga, na arusi hupata pa kutandika mikeka. Kwenye jengo la ghorofa tatu ndani ya ploti finyu, paa kama hilo hurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho nyumba ya vyumba sita ilikuwa nacho ardhini.

Kuhusu ukubwa wa chumba chenyewe, mraba wa futi 10 kwa 10 si umbo zuri hata kidogo, ingawa nchi nzima imeuzoea. Nyumba za mawe za kale zilikuwa na vyumba vyembamba na virefu, kwa sababu boriti ya mkoko inayobeba dari haivuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3. Magofu ya Gede karibu na Watamu, yaliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, yanaonyesha mpango huo waziwazi: vyumba vyembamba vinavyofuatana nyuma ya kiwanja cha ndani, cha mbele kikipokea mgeni, cha nyuma kikihifadhi watu wa nyumbani. Kizuizi cha boriti kilizaa adabu ya nyumba. Chumba cha futi 9 kwa 12 kina futi 108, nane tu zaidi ya mraba wa kawaida, lakini pazia likitundikwa katikati hutoa pande mbili za futi 9 kwa 6: kitanda kinakaa nyuma, mgeni anakaa mbele. Mraba ukigawanywa hivyo huacha futi 5 kila upande, na kitanda cha futi 6 hakiingii kwa upande huo. Mlango uwe pembeni, usiwe katikati ya ukuta, na ufungukie roshani au uegemee ukuta. Swichi na soketi ziwekwe pande zote mbili za pazia. Vitu hivi havigharimu kitu vikichorwa mapema.

Njia ya uhakika ya kuvijua ni kuchora chumba ardhini kwa chokaa au majivu, kwa ukubwa wake halisi, na kuwaomba watakaoishi humo walete kitanda. Penye hata watu wachache wa kuuliza, maswali yao huipita michoro. Katika kikao kimoja cha namna hiyo mjini Malindi, mafundi wakiwa wameshapiga mistari ya ngazi, bibi mmoja mzee aliitazama ile pembe ya kugeukia akauliza: "Mwanangu, na maiti mtamteremshaje hapa?" Jeneza lina urefu wa kama mita 2, na hubebwa na watu kutoka pande zote. Ngazi ya mita 1 yenye pembe finyu hulazimisha liinuliwe wima, jambo ambalo hakuna familia inayotaka kulitazama. Ngazi ya mita 1.2 na mahali pa kugeukia pa mita 1.5 hutosha kwa jeneza, na pia kwa kitanda, kabati, na mjamzito anayeshushwa usiku. Swali lile limebaki kuwa kipimo bora cha ngazi kuliko chochote kilichomo kwenye kanuni za ujenzi, iwe zile za mwaka 1968 au zilizozirithi mwaka 2024.

Maji ndiyo yanayoamua vyumba vingapi vinaweza kuwekwa kwenye ploti, si idadi ya ghorofa. Maji ya mfereji ya Malindi na Kilifi hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na pampu zikisimama miji hukauka kwa siku kadhaa. Mkokoteni wa mitungi huja, lakini maji yake ni ghali, na mwenye singo ndiye hulipa bei hiyo ya juu. Hesabu rahisi inatosha: watu 40 wakitumia lita 50 kila mmoja ni lita 2,000 kwa siku, na akiba ya siku tatu ni lita 6,000. Uzito huo ni tani 6. Tangi la namna hiyo haliwekwi katikati ya slabu, bali juu ya kuta za ngazi, ambazo zinabeba mpaka chini. Penye kisima, maji yake huwa na chumvi; yanafaa kwa choo, yakipewa bomba lake peke yake.

Bedsita nne zinazokutanisha vyoo na mabafu yao kwenye ukuta mmoja, ghorofa juu ya ghorofa, zinahitaji shimo moja la mabomba. Zikitawanywa, mabomba huwa manne na mavujo manne. Lakini ni halali kuuliza kama kila chumba kinahitaji choo chake. Choo kimoja safi kwa vyumba viwili, chenye kufuli na funguo kwa familia hizo mbili tu, hupunguza gharama na hukwepa fujo la choo cha ploti nzima, kisicho cha mtu. Maji taka huishia kwenye septiki na mashimo ya kunywea, na mwamba wa matumbawe una vishimo na nyufa zinazoyapitisha upesi hadi kwenye maji ya chini. Ploti ya futi 50 kwa 100 haiwezi kubeba shimo la watu 80 na kisima cha kunywa kwa usalama, hata mpimaji ajitahidi vipi. Mji wa pwani unaotaka watu wakae kwa kubanana unadaiwa mabomba ya maji taka kabla ya ghorofa ya tatu.

Vifaa vya ujenzi viko karibu. Matofali ya jiwe la matumbawe yanayokatwa kwenye timbo za kaunti hii ni rahisi kuliko ya saruji kwa sababu hayasafiri mbali, na ukuta wake wa inchi 9 hupoza vizuri. Yanataka lipu nyembamba au kupakwa chokaa tu. Adui ni chumvi. Zege lililokorogwa kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi hubeba kutu ndani yake: nondo huvimba, zege hupasuka, na vipande vya roshani huanza kudondoka jengo likiwa bado changa. Nondo zifunikwe kwa zege la kutosha, inchi 2 kwenye sehemu zinazopigwa na hewa ya bahari, na mchanga utoke bara. Mabati ya bei ya chini hutoboka mapema karibu na ufuo. Makuti hayana kutu na hayana joto, lakini kwenye vyumba vilivyobanana moto wake haukamatiki, na kwa ghorofa za kupangisha hayafai.

Fedha hupima kila kitu kilichotajwa. Kanuni ya kawaida ni kwamba kodi isizidi theluthi ya kipato. Kibarua wa timbo au mhudumu wa hoteli anayepata shilingi 15,000 mwezi wenye kazi hawezi kutoa zaidi ya 5,000, na kuna miezi isiyo na watalii. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 ilithibitisha tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri akiongeza kiasi kama hicho, na ikatenga nyumba za kijamii kwa wenye kipato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kundi hilo ndilo linalojaza Maweni na Mtaani. Lakini mvuvi, mama wa samli na bodaboda hawana karatasi ya mshahara, na malipo yao huja kwa msimu. Nyumba iliyobuniwa kwa ajili yao ni ile inayovumilia kulipwa kwa vipande.

Njia ya vipande inajulikana. Mwaka 1975 mradi wa Dandora, Nairobi, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, ulipanga kutoa viwanja 6,000 vyenye choo, maji na msingi, wenyewe wakamalizia. Huko Iquique, Chile, ofisi ya Alejandro Aravena ilikamilisha mwaka 2004 mtaa wa Quinta Monroy kwa kujenga nusu ya kila nyumba: ile nusu ngumu, yenye ngazi, jiko na bafu, ikaacha uwazi wa upande wa pili ujazwe na familia kadri ya uwezo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa njia hiyo. Nyumba bila ardhi zilijengwa hivyo hivyo, chumba baada ya chumba. Kinachokosekana ni hati, na fremu ya zege iliyopigiwa hesabu tangu mwanzo ibebe ghorofa zitakazokuja. Fundi huachilia nondo juu ya nguzo kwa matumaini, lakini msingi chini yake mara nyingi ulipimwa kwa ghorofa moja tu. Uangalifu wa mhandisi kwenye msingi huo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko vigae vyote.

Zanzibar ilichukua njia iliyo kinyume. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Abeid Amani Karume, ikisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ilijenga majumba ya Michenzani kuanzia mwaka 1970, marefu kiasi cha watu kuyaita treni. Yalikuwa imara, na kwa familia nyingi yalikuwa nyumba ya kwanza ya mawe yenye umeme. Nusu karne baadaye bado yanakaliwa. Ila yaliinua watu kutoka mitaa ya Ng'ambo yenye nyua na baraza na kuwaweka kwenye ngazi, na uhai wa mtaa ukashuka wenyewe chini, kwenye nafasi baina ya majengo, ambako watu walijitengenezea vibanda na viti vya kukalia.

Lililobaki ni utunzaji, na hili huchorwa pia. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inaruhusu kila nyumba ndani ya ghorofa kuwa na hati yake, wenye hati wote wakiunda chombo cha kusimamia vilivyo vya pamoja. Kwa majengo ya kupangisha, kazi hiyo hubaki kwa mwenye ploti, na ua ndio kitu cha kwanza kujengewa anapohitaji fedha. Kwa hiyo ua hauachwi kama nafasi tupu kwenye karatasi. Hupewa kazi zinazoonekana: birika la kufulia lenye mfereji, kamba, mti mmoja na benchi la zege, njia ya gari la kunyonya septiki. Penye hati za sehemu, ua, ngazi, matangi na paa vinaandikwa kwenye ramani ya usajili kama mali ya pamoja, kwa vipimo vyake, kabla ya ufunguo wa kwanza kutolewa.